Mafuta ya kujitengenezea: harufu nzuri yaweza kukuwasha

Baadhi ya akina mama hapa Mbita hujitengenezea mafuta ya kujipaka. Huyeyusha mafuta ya nazi na nta ya nyuki, kisha hutia matone ya mchaichai, mkalitusi au ndimu ili yanukie. Si jambo baya. Lakini wanaofika kliniki na vipele shingoni na kwapani huniambia neno moja: "Daktari, ni mimea tu, haina kemikali."

Mafuta ya kunukia ni kemikali tupu, ila aliyezitengeneza ni mmea. Mchaichai una sitrali, ganda la ndimu lina limonini, lavenda ina linaloli. Hizo mbili za mwisho zikikutana na hewa hugeuka polepole na kuleta mzio kwa urahisi zaidi. Chupa iliyokaa wazi dirishani mwaka mzima itupe. Mafuta yaliyokamuliwa kwenye ganda la ndimu yana balaa jingine: ukiyapaka kisha upigwe na jua la ziwani, ngozi yaweza kuungua na kubaki na madoa meusi kwa miezi.

Faida ipo. Utafiti uliofanywa Rusinga na katika kituo cha ICIPE hapa Mbita, ukachapishwa mwaka 2002, ulionyesha kwamba baadhi ya mimea inayofukizwa na wenyeji hufukuza mbu wa malaria. Huko Kakamega wakulima hutengeneza dawa ya kuchua kwa aina ya mrihani yenye kafuri nyingi. Kafuri hiyo usimpake mtoto wa chini ya miaka miwili. Akiimeza, yaweza kumletea degedege.

Kwa mililita 100 za mafuta, usizidishe mililita 1, kama matone 20; ya uso, nusu yake. Mdalasini na karafuu ziache kabisa. Kwanza jaribu kwenye kiwiko kwa ndani, mara mbili kwa siku, kwa wiki nzima. Mzio wa namna hii ukishakuingia, kwa kawaida hautoki maishani.

Ya dukani nayo, soma lebo. Neno "parfum" laweza kuficha makumi ya kemikali. Katika Umoja wa Ulaya, tangu 2005 vinukizi 26 vinavyojulikana kuleta mzio hutajwa kwa majina vikizidi kiwango fulani. Mwaka 2023 orodha iliongezwa ikapita 80. Wewe unayeuza sokoni, andika jina la kila mafuta uliyotia na tarehe. Mteja akiwashwa, aache kuyapaka na aje na chupa yenyewe kwa daktari.