Kila Kanuni ya Mieleka Ina Kiungo Inachokilinda

Shule za Trans Nzoia na Bungoma zina sifa ya michezo Kenya nzima. St. Anthony's ya Kitale imejijengea jina katika kandanda na magongo, na Friends School Kamusinga, upande wa Bungoma, inaheshimiwa na kila timu ya magongo. Mieleka bado haijapewa nafasi ya namna hiyo, ingawa haidai mpira wala goli, na watoto wa wafugaji huianza malishoni kabla ya kufundishwa na mtu. Kijana wa Saboti, huko Trans Nzoia, hujua kupiga mtama na ngwala mapema sana. Asichojua, na ambacho mara nyingi hata mwalimu wake hajakisikia, ni kwa nini vishikio fulani vimepigwa marufuku.

Huu ni wakati mzuri wa kulieleza jambo hilo. Mwaka 2026 darasa la kwanza la Gredi ya 10 limeingia katika shule za upili chini ya mtaala mpya, na mmoja kati ya mikondo mitatu ya masomo ni Sanaa na Sayansi ya Michezo. Mwaka huohuo Dakar imepangiwa kuandaa Michezo ya Olimpiki ya Vijana, ya kwanza katika ardhi ya Afrika, na mieleka ya huko imepangwa kuchezwa mchangani. Walimu watakaotaka kuanzisha mashindano ya tarafa au kaunti wataanza na swali la vifaa. Mimi nasema waanze na kanuni. Ukiifuata kanuni hadi chanzo chake, utakuta kiwiko, shingo au figo za mtoto zilizowahi kuumia.

Umri kwenye cheti na umri wa mwili

Shirikisho la mieleka duniani, United World Wrestling, huwagawa vijana kwa umri na kwa uzito. Kundi la chini ya miaka 15 ni la wenye miaka 14 na 15. Mwenye miaka 13 anaweza kuingia tu akiwa na cheti cha daktari na idhini ya wazazi. Wavulana wa kundi hilo katika mtindo huru wana madaraja 10 ya uzito, na yale ya chini yanafuatana kwa karibu sana: kilo 38, 41, 44, 48. Muda nao umepunguzwa. Watu wazima hupambana kwa vipindi viwili vya dakika 3, na vijana wa chini ya miaka 17 kwa vipindi viwili vya dakika 2, wote wakipumzika sekunde 30 katikati.

Mgawanyo huo unatokana na biolojia ya kubalehe. Wasichana wengi hurefuka kwa kasi kubwa zaidi wakiwa karibu na miaka 12, na wavulana karibu na miaka 14, lakini kila mwili una saa yake. Vijana wawili waliozaliwa mwezi mmoja, mmoja Kinyoro na mwingine Machewa, wanaweza kupishana kwa miaka kadhaa katika ukomavu wa mifupa na misuli. Mmoja ameanza kuota ndevu, mwenziwe sauti haijavunjika. Kwa daftari la shule ni wa rika moja. Uwanjani, mtoto anashindana na mtu mzima.

Hapa mazingira yetu yana jambo lao. Wabukusu hutahiri vijana wao mwezi wa Agosti katika miaka isiyo witiri, na 2026 ni mojawapo. Aliyetoka jandoni huhesabiwa mwanamume, na ni heshima anayostahili katika jamii yake. Lakini mifupa haina habari za sherehe. Kijana wa miaka 13 aliyetahiriwa Agosti ana mifupa ileile aliyokuwa nayo Julai, na kumpanga na wenye miaka 17 kwa kuwa sasa ni mwanamume ni kumweka hatarini. Kidonda nacho kinahitaji wiki kadhaa kupona sawasawa. Ratiba ya mashindano ya muhula wa tatu katika mwaka wa tohara inapaswa kulizingatia hilo, na kijana asiruhusiwe kucheza kabla ya mhudumu wa afya kuthibitisha kwamba amepona.

Kufuatilia ukuaji hakuhitaji mashine. Mwalimu akipima kimo cha kila mchezaji mwanzoni mwa kila muhula na kukiandika, ataona nani anarefuka ghafla. Huyo ndiye wa kupunguziwa mazoezi ya kubebwa na kubwagwa kwa wakati huo.

Kiwiko na shingo

Karibu na ncha za mifupa mirefu ya mtoto kuna tabaka la gegedu linaloitwa bamba la ukuaji. Hapo ndipo mfupa unapoongezeka urefu. Mpaka mwisho wa balehe, tabaka hilo ni kama simiti ambayo haijashika: limekaa mahali pake, lakini halijawa na nguvu ya jiwe. Kwa mtu mzima, mkono ukipindwa kupita kiasi, kano zinazounganisha mfupa na mfupa ndizo huchanika. Kwa mtoto, kano mara nyingi huwa na nguvu kuliko bamba, kwa hiyo kinachoachana ni mfupa wenyewe. Upande wa ndani wa kiwiko ni mfano unaojulikana sana na madaktari wa mifupa: kipande kidogo cha mfupa ambacho misuli ya mkono imejishika juu yake hung'oka kwa mvuto mmoja. Bamba likiumia vibaya, mfupa unaweza kukua ukiwa mfupi au umepinda.

Ndiyo maana kanuni inakataza kuusokota mkono wa mpinzani kupita nyuzi 90. Ndiyo maana pia haikubaliki kupinda vidole vya mkono au vya mguu. Refa anayepiga filimbi mapema mkono unapoanza kusokotwa huwa anazomewa na mashabiki kwamba ameharibu pambano. Kiwiko alichokiokoa hawawezi kukiona, kwa sababu kimebaki kizima.

Shingo ina ulinzi mkali zaidi. Kabali ya koo imekatazwa kwa kila mtu. Kukishika kichwa au shingo kwa mikono miwili hakuruhusiwi mpaka mkono mmoja wa mpinzani uwemo ndani ya kishikio hicho, kwa sababu mkono huo huzuia shingo isibanwe peke yake. Aliyejikunja daraja, kichwa na miguu vikiwa chini na kifua juu, anaweza kusukumwa mpaka mabega yashuke, lakini ni marufuku kumnyanyua na kumbwaga upya. Kuna kishikio kingine cha kupitisha mikono yote miwili chini ya makwapa ya mpinzani, kisha kuunganisha viganja kisogoni na kusukuma kichwa kwa mbele. Kishikio hicho kinakatazwa kwa wanawake na kwa vijana wadogo. Pingili za shingo zikikunjwa mbele kwa nguvu huku mabega yamefungwa, uti wa mgongo unaopita ndani yake hauna pa kukimbilia.

Watoto wengi wamejifunza mbwembwe za mieleka ya televisheni, ambako mtu hurushwa kutoka juu ya kamba akainuka. Ile ni maonyesho yaliyopangwa na watu waliofanya mazoezi ya kuanguka kwa miaka. Somo la kwanza la kijana wa shule liwe kuanguka: kidevu kifuani, mgongo umeviringwa, mkono usitangulizwe chini. Kumbwaga mwingine kungoje.

Pa kuangukia

Kichwa kilicho urefu wa mita 1 kutoka chini kikianguka huru, hufika ardhini kikienda karibu mita 4.4 kwa sekunde. Kinachoamua madhara ni umbali ambao kasi hiyo inamalizikia. Hesabu yake ni rahisi: gawanya kimo cha kuanguka kwa kina ambacho sakafu inabonyea. Udongo mgumu ukibonyea sentimita 1, kichwa hupata mshindo wa takriban mara 100 ya nguvu ya uvutano wa dunia. Sakafu ikibonyea sentimita 5, mshindo hushuka hadi mara 20. Mtoto ni yuleyule na mwangusho ni uleule. Kilichobadilika ni sentimita 4 tu.

Trans Nzoia hupata ukavu wake kati ya Desemba na Februari, kwa hiyo muhula wa kwanza huanza viwanja vikiwa vimekakamaa. Nyasi za kijani zisimdanganye mtu. Chini yake udongo unaweza kuwa mgumu kama murram.

Mkeka rasmi una duara la kipenyo cha mita 9, na ndani yake, ukingoni, kuna ukanda wa rangi wenye upana wa mita 1 unaowaonya wachezaji kwamba wanafika mpakani. Nje ya duara kuna eneo la ulinzi la mita 1.5, ili anayerushwa nje asiangukie sakafu tupu. Mkeka wa namna hiyo ni ghali, na shule nyingi za Saboti hazitaumudu karibuni. Mchanga zinaweza kuumudu. Mieleka ya mchangani huchezwa kwa dakika 3, na wa kwanza kufikisha pointi 3 ndiye mshindi. Mchanga wa mtoni uchungwe kokoto na vipande vya chupa, umwagwe kwa kina cha kutosha, uchimbuliwe kwa reki kabla ya kila kundi kwa kuwa hushindiliwa haraka, na usiku ufunikwe kwa turubai ili mbwa na paka wasiufanye choo. Eneo la ulinzi liwekwe huko pia: pasiwe na jiwe, benchi wala mtazamaji karibu na duara.

Maji, mizani na vifo vitatu

Mwaka 1997, kati ya Novemba na Desemba, wanamieleka watatu wa vyuo vya Marekani walikufa katika muda wa siku 33. Wote walikuwa wakijikausha ili wapungue uzito kabla ya kupimwa: mazoezi makali ndani ya nguo zisizopitisha hewa, vyumba vya joto, maji wakiyanyima miili yao. Mtu asipokunywa maji huku akitoka jasho, damu hupungua ujazo, moyo hulazimika kupiga haraka zaidi, jasho hukoma kumpoza na joto la mwili hupanda. Kuanzia mwaka uliofuata vyuo hivyo vilipiga marufuku nguo za mpira na vyumba vya joto, vikaanza kupima mkojo kuhakikisha mchezaji ana maji mwilini, na kuweka kikomo cha kupungua uzito kwa wiki. Tangu 2018 shirikisho la dunia limehamishia upimaji asubuhi ya siku ya pambano, ili kusiwe na muda wa kujikausha na kujijaza tena.

Kwa mtoto anayekua kanuni iwe fupi zaidi: hapunguzi uzito kwa ajili ya mashindano. Hucheza katika daraja la uzito alionao. Shule ikipima wachezaji wake mwezi mzima kabla, kisha tena asubuhi ya siku yenyewe, mtoto aliyeshuka kilo 3 ghafla ataonekana kwenye karatasi, na mwalimu atajua wa kuulizwa.

Ngozi kwa ngozi

Mwaka 1989, katika kambi ya mazoezi ya mieleka ya wanafunzi huko Minnesota, vijana 60 kati ya 175 walipata malengelenge ya virusi vya herpes, mengi yakiwa kichwani, shingoni na usoni, mahali wachezaji wanaposuguana. Virusi hivyo vikishaingia mwilini havitoki. Choa nacho huenea kwa njia hiyohiyo, na pia majipu na vidonda vya usaha.

Ukaguzi wa ngozi hufanywa wakati mmoja na upimaji wa uzito. Mkaguzi aangalie ngozi ya kichwa, shingo, mikono na mgongo penye mwanga mzuri. Kwa choa cha mwilini, shule za upili za Marekani hudai angalau saa 72 za matibabu kabla ya kucheza, na kwa choa cha kichwani siku 14. Kucha zikatwe zikiwa fupi kabisa, hereni na mikufu vitolewe, na mafuta yasipakwe mwilini. Mkeka usafishwe kila siku kwa dawa ya klorini iliyochanganywa na maji, na taulo isitumiwe na watu wawili.

Anayesimamisha pambano

Katika mashindano rasmi kuna waamuzi watatu: refa ndani ya duara, jaji pembeni, na mwenyekiti wa mkeka. Ushindi wa kumlaza mtu mabega yote mawili chini haukubaliki mpaka mmoja wa wale wawili wengine amthibitishie refa. Daktari naye ana mamlaka ya kusimamisha pambano, na kocha hana kauli juu ya hilo.

Mamlaka hayo yanahitajika zaidi pale ubongo unapotikisika. Mtoto anaweza kuinuka, kutabasamu, na bado asijue yuko katika mashindano gani. Kupoteza fahamu si lazima. Kupepesuka, kuchelewa kujibu, kutapika, kuumwa kichwa au kulia bila sababu, dalili moja inatosha kumtoa, na siku hiyo harudi. Wataalamu waliokutana Amsterdam mwaka 2022 walishauri mapumziko ya saa 24 hadi 48, kisha kurejea mchezoni kwa hatua sita, kila hatua ikichukua angalau siku moja. Mwanafunzi arudi darasani kikamilifu kabla ya kurudi uwanjani. Anayelalamika shingo baada ya kuanguka asiinuliwe na wenzake. Aachwe alivyo mpaka afike mtu anayejua kumbeba. Dereva, gari na hospitali ya kukimbilia vijulikane kabla ya filimbi ya kwanza, iwe mashindano yanafanyika Kitale au Bungoma mjini.

Katiba ya Kenya, kifungu cha 53, inasema maslahi ya mtoto ndiyo yenye uzito mkubwa zaidi katika kila jambo linalomhusu. Kamati ya michezo inayopanga bajeti ya mashindano inaweza kuitekeleza sheria hiyo kwa mpangilio wa matumizi yake: mizani na mafunzo ya marefa kwanza, kisha mchanga au mkeka, mhudumu wa afya na gari la dharura. Kikombe, fulana na vipaza sauti vinunuliwe kwa kitakachobaki. Kama hakitoshi, mshindi apewe cheti, na wachezaji wote warudi nyumbani wazima.