Nani ana neno la mwisho juu ya mtoto?

Tuanze na jambo ambalo kila nyumba inalijua. Mtoto amemaliza masomo ya msingi. Mama anataka aendelee, baba anasema hapana. Wamezungumza usiku mzima, hawakusikilizana. Basi nani anakata neno?

Katika inchi ya Ujerumani, sheria ilijibu waziwazi: ni baba. Katiba yao ya 1949 ilisema wanaume na wanawake wana haki sawa. Lakini hata sheria mpya ya usawa, iliyoanza kazi mwaka 1958, ilimwachia baba neno la mwisho juu ya watoto. (Tusiwacheke. Kwetu Kongo, ni mwaka 2016 tu ndipo Code ya familia iliondoa ile ruhusa ya bwana ambayo mke alipaswa kuomba.) Wamama wakapeleka mashitaki kwenye Tribinali ya Katiba, katika mji wa Karlsruhe. Kati ya waamuzi waliohukumu, mwanamke alikuwa mmoja: Erna Scheffler.

Njia iliyomfikisha pale haikuwa fupi. Alizaliwa mwaka 1893 huko Breslau, mji ambao leo ni wa Poland na unaitwa Wrocław. Alisoma sheria akapata udokta mwaka 1914, lakini hakufaa kuwa avoka wala mwamuzi, kwani wanawake walikatazwa kufanya mitihani ya serikali. Mlango ulifunguliwa mwaka 1922. Akafanya mitihani, akawa avoka Berlin, kisha mwamuzi, huku ana binti wa kulea.

Mwaka 1933 Hitler akashika utawala. Mama Erna akafukuzwa kazi, sababu baba yake alikuwa wa asili ya Kiyahudi. Hata kuolewa na mwanaume aliyempenda, naye mwamuzi, alikatazwa. Walingoja mpaka 1945, vita ilipokwisha, ndipo wakafunga ndoa. Miaka 12 bila kazi yake! Wengi wetu tungekwisha kukata tamaa.

Yeye akarudia tribinali akiwa amepita miaka 50. Mwaka 1950 alisimama mbele ya mkutano mkubwa wa wanasheria huko Frankfurt, akaonyesha sheria za jamaa zinazopingana na usawa. Mwaka uliofuata walichaguliwa waamuzi 24 wa kwanza wa Tribinali ya Katiba. Wanaume 23, na yeye.

Tarehe 29 Julai 1959 hukumu ikatoka: neno la mwisho la baba limefutwa. Baba na mama wana uwezo sawa juu ya watoto wao, na wanapaswa kutafuta mapatano. Leo kule, wakishindwa kabisa kupatana juu ya jambo kubwa, tribinali ya jamaa inaweza kumpa mmoja wao, baba ao mama, nafasi ya kukata jambo hilo moja.

Mama Erna alipumzika mwaka 1963, akikaribia miaka 70. Aliyemfuata alikuwa mwanamke tena, Wiltraut Rupp-von Brünneck.