Kupunguza Sukari kwa Pamoja, Kijiko kwa Kijiko

Katika nyumba nyingi nchini mwetu, sukari ya chai huamuliwa kabla wanywaji hawajaamka. Anayeinjika chai alfajiri huchota sukari kwa mazoea ya mkono wake, huimimina ndani ya sufuria, hukoroga, na chai huingia katika chupa ikiwa tayari tamu. Baba aliyeazimia usiku kwamba kuanzia kesho atapunguza, binti anayetaka kijiko kimoja badala ya vitatu, na bibi aliyeonywa kliniki, wote humiminiwa chai ile ile. Azimio la mtu mmoja halina nafasi ndani ya chupa ya watu watano.

Hiyo ndiyo sababu hatumshauri mlaji apambane na sukari peke yake. Tunaishauri nyumba nzima, au kikundi cha majirani, au wafanyakazi wanaochangia chai ya saa nne, wapunguze pamoja, polepole, huku wakitiana moyo.

Kiasi gani ni kingi?

Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo juu ya jambo hili. Linashauri kwamba sukari huru isizidi asilimia 10 ya nishati yote anayoipata mtu kwa siku, na kwamba ikishuka chini ya asilimia 5 faida huongezeka. Kwa mtu mzima ambaye chakula chake cha siku kina kilokalori 2,000, asilimia 10 ni gramu 50, yaani vijiko vya chai 12 na nusu. Asilimia 5 ni gramu 25, yaani vijiko 6 hivi. Hapa tunahesabu kijiko kilichosawazishwa juu, chenye gramu 4. Kijiko chenye kilima, ambacho wengi wetu hukichota na kukiita kimoja, hubeba zaidi ya hapo, pengine karibu mara mbili.

Neno “sukari huru” linahitaji maelezo, kwa maana ndipo walaji wengi wanapojidanganya bila kujua. Sukari huru ni ile inayotiwa na mpishi, na mwenye kiwanda, au na mnywaji mwenyewe; lakini ni pia sukari iliyomo ndani ya asali na juisi za matunda. Sukari guru ni sukari. Glukosi ya unga, ambayo baadhi ya wazazi huwatilia watoto kwenye juisi kwa kuiona kama dawa ya nguvu, ni sukari. Anayeacha sukari nyeupe na kuhamia vijiko vitatu vya asali amebadili ladha, hajapunguza. Kisichohesabiwa ni utamu uliomo ndani ya tunda zima na ndani ya maziwa yasiyotiwa kitu. Embe linaloliwa kwa meno si sawa na embe lililosagwa, likachujwa na kuongezwa sukari.

Anzeni kwa kuhesabu

Kabla ya kupunguza chochote, tunashauri wiki chache za kutazama tu. Kila mnapofungua kilo mpya ya sukari, andikeni tarehe kwenye kalenda ya ukutani. Hakuna mahesabu mengine yanayohitajika. Umbali kati ya tarehe mbili utasema wenyewe.

Tuchukue mfano wa nyumba ya watu watano. Kila mmoja anakunywa vikombe viwili vya chai kwa siku, kila kikombe kikiwa na vijiko vitatu. Hivyo ni vijiko 30, gramu 120 kwa siku, na kilo 3.6 kwa mwezi wa siku 30. Wakifika vijiko viwili kwa kikombe, mwezi utatumia kilo 2.4. Wakifika kimoja, kilo 1.2. Tofauti ya mwanzo na mwisho ni kilo 2.4 kila mwezi, na bei yake kila mmoja anaijua dukani kwake. Wanaokumbuka uhaba wa sukari wa mwanzoni mwa mwaka 2024, mvua kubwa zilipovuruga uvunaji wa miwa, wanajua pia kwamba bei ikipanda nyumba hupunguza kwa kulazimishwa. Huenda wanakumbuka vilevile jinsi kipimo cha zamani kilivyorudi mara tu bei iliposhuka. Upungufu usiochaguliwa haujengi mazoea.

Mazoea hujengwa na ulimi. Ulimi uliozoea vijiko vitatu ukipewa kimoja ghafla huona umedhulumiwa, na mwenye ulimi huo hujilipa mchana kwa soda. Ukipunguziwa nusu kijiko na kuachwa hapo wiki mbili au tatu, kipimo kipya huanza kuonekana cha kawaida. Basi tokeni vitatu mwende viwili na nusu, mtulie. Kisha viwili, mtulie. Nyumba inayofika kijiko kimoja baada ya miezi mitatu au minne haikuchelewa. Wengi waliopita njia hiyo hushangaa siku wanapoonja chai yao ya zamani na kuiona kama dawa ya kikohozi.

Sukari itoke jikoni ije mezani

Hatua yenye nguvu kuliko zote haigharimu chochote: chai ipikwe bila sukari, na kopo la sukari liwekwe mezani pamoja na kijiko kimoja kidogo. Tangu hapo kila mtu huona anachotia. Anayeendelea na vitatu ataendelea, lakini kwa mkono wake na kwa hesabu yake. Na mpishi atakuwa ameondolewa mzigo wa kulaumiwa na kila upande.

Watakuwapo wanaosema kwamba chai isiyokolea sukari ni chai ya dhiki. Tunawakumbusha kahawa ya barazani. Watu wa pwani hunywa kahawa chungu katika vikombe vidogo, kando yake pana kipande cha kashata au tende, na hakuna anayeiita kahawa hiyo ya dhiki. Kinywaji hubaki na ladha yake, na utamu huja kidogo, pembeni, ukajulikana kuwa ni utamu. Chai nayo yaweza kufundishwa adabu hiyo. Tangawizi, iliki, mdalasini na mchaichai huipa chai kitu cha kusema hata sukari inapopungua. Na chai ya maziwa ina utamu wake mwepesi, ambao hausikiki kwa sababu tumeufunika.

Kuhimizana bila kulindana

Makubaliano yawe machache na yasemwe wazi: tunapunguza nini, kiasi gani, hadi tarehe gani. “Tutapunguza sukari” ni nia njema tu. “Hadi mwisho wa mwezi, kila kikombe vijiko viwili, na soda ni Jumapili” ni jambo linaloweza kuulizwa. Mkutane mara moja kwa wiki, hata kwa dakika tano baada ya chakula cha usiku, kila mtu aseme wiki yake ilikwendaje. Swali zuri ni “ni wakati gani ulikuwa mgumu?” Jibu lake hufundisha. Kwa mmoja ni saa kumi jioni njaa inapobana. Kwa mwingine ni kituo cha basi, mbele ya jokofu la vinywaji. Njaa ya saa kumi huondolewa na muhogo wa kuchemsha au karanga. Jokofu la kituoni hushindwa na chupa ya maji iliyotoka nyumbani.

Pasiwe na askari wa sukari. Tumeona mara nyingi kwamba mpango wa pamoja huvunjwa na ulimi wa mwenzi mmoja kuliko kuvunjwa na hamu: mtu aliyekosea siku moja akaumbuliwa mbele ya watoto hujifunza kula kwa siri, na anayekula kwa siri hula zaidi. Aliyeteleza aulizwe kwa upole na aendelee na kipimo kile kile siku inayofuata; asijiadhibu kwa kufuta sukari yote. Wala pasiwe na mashindano ya nani amefika sifuri kwanza. Mwenye kazi ya suluba na mwenye kukaa ofisini hawakuanza mahali pamoja.

Kwa watoto, mfano wa wakubwa ndio mafundisho. Msiifanye pipi au soda kuwa tuzo ya kumaliza ugali, kwa kuwa mtoto hujifunza hapo kwamba ugali ni adhabu. Mtoto wa chini ya miaka miwili hahitaji kuongezewa sukari wala asali katika uji. Na aliye chini ya mwaka mmoja asipewe asali kabisa, kwa sababu huweza kuwa na vijidudu vinavyomdhuru.

Mbele ya rafu ya duka

Chai ikishatengemaa, kinachobaki ni sukari iliyotiwa na wengine. Geuzeni kifungashio msome nyuma. Viambato hupangwa kwa uzito, kilicho kingi kikitangulia. Sukari ikiwa ya kwanza au ya pili, mnanunua sukari yenye kitu ndani yake. Lebo nyingi zimeandikwa kwa Kiingereza, na sukari hujificha kwa majina mengi, lakini mengi yake huishia na herufi “ose”: sucrose, glucose, dextrose, maltose. (Sucralose si miongoni mwake, hiyo ni kiungo cha kutia utamu kisicho sukari.)

Kisha tazameni jedwali la virutubishi, mstari wa sukari, na mwangalie hesabu imefanywa kwa kiasi gani. Hapa ndipo penye mtego. Tuseme jedwali linaonyesha gramu 10 kwa kila mililita 100. Namba hiyo ni ndogo machoni. Lakini chupa ina mililita 500, kwa hiyo ina gramu 50; gawanyeni kwa 4, mpate vijiko 12 na nusu. Mnywaji wa chupa hiyo amemaliza kiwango cha juu cha siku nzima kabla ya kugusa chakula. Bidhaa nyingine huhesabu kwa “mgawo mmoja”, na chupa ambayo kila mtu huinywa peke yake ikawa na migawo miwili.

Maneno ya mbele ya kifungashio yasomwe kwa utulivu. “Haijaongezwa sukari” haimaanishi kwamba haina sukari. Juisi halisi yaweza kusema hivyo kwa haki na bado ikawa tamu kama soda. Picha ya machungwa si ushahidi wa machungwa. Maziwa ya mtindi yenye ladha, vinywaji vya kuongeza nguvu, nafaka za watoto na hata sosi ya nyanya vinastahili kugeuzwa nyuma.

Kuhusu viungo vya kutia utamu visivyo sukari, Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2023 kwamba visitumiwe kama njia ya kudhibiti uzito. Ushauri huo haukuwahusu watu ambao tayari wana kisukari. Kwa maoni yetu, vinauacha ulimi katika utamu ule ule, na kazi yote ya wiki zile huwa haijafanyika.

Mwenye dawa za kisukari

Pana mtu mmoja ambaye hapaswi kuburuzwa na ari ya wenzake. Anayechoma insulini au anayemeza vidonge vya kushusha sukari amepangiwa dozi kwa kufuata ulaji wake. Akibadili ulaji na dozi isibadilishwe, sukari ya damu huweza kushuka mno. Azungumze kwanza na kliniki yake. Nanyi mnaoishi naye mzijue dalili: kutetemeka, jasho la ghafla, njaa kali, moyo kwenda mbio, kuchanganyikiwa. Zikimtokea akiwa na fahamu, apewe sukari mara moja, iliyokorogwa katika maji, au soda ya kawaida, na apelekwe kituo cha afya asipopata nafuu upesi. Akiwa hana fahamu asitiwe kitu chochote mdomoni, akimbizwe hospitali. Kwa hiyo nyumba inayopunguza sukari isiifiche wala isiimalize. Kopo libaki mahali panapojulikana na kila mtu.

Mgeni, futari na harusi

Mgeni asiingizwe katika makubaliano ambayo hakuyafanya. Apewe chai isiyotiwa sukari pamoja na kopo lake, aambiwe “karibu, tia upendavyo”, na heshima ya nyumba itakuwa imetimia. Katika futari, maji na tende chache zitangulie, uji upungue utamu, na kaimati ziwe za kuonja badala ya kushibia. Katika harusi, wenye kamati wanaweza kuagiza maji kwa wingi ule ule wa soda na kuyaweka baridi vilevile. Mara nyingi mgeni huchukua soda kwa sababu maji yamebaki katoni, yakiwa ya moto, nyuma ya jukwaa.