Raundi tano za usaili, halafu kimya

Wenzangu kadhaa wameniuliza kwa nini sikuonekana fildi mwaka jana. Jibu fupi: nilikuwa nyumbani Endabash nasubiri barua pepe. Jibu refu ndilo hili, na naliandika kwa sababu maombi ya intanshipu yanakaribia kufunguliwa tena na najua wengi humu mtaomba.

Kampuni ni moja ya zile kubwa za teknolojia za nje. Jina naliacha. Nilituma CV, nikapewa mtihani wa mtandaoni wa dakika 90, nikapita. Kisha akanipigia afisa ajira, dada mchangamfu kweli, akaniambia zimebaki raundi tatu, na matokeo "wiki ijayo". Wiki hiyohiyo ofisi moja ya Arusha ilikuwa imenipa nafasi ya fildi. Nikawaandikia kwamba nashukuru, sitakuja. Hapo ndipo nilipokosea.

Raundi tatu zikafanyika mwezi mzima baadaye, semista imekwisha, niko nyumbani. Endabash mtandao upo, ila kwa simu ya video ya dakika 45 huwezi kuuamini. Nikapanda boda hadi Karatu mjini, nikalipia chumba cha gesti mchana kutwa, mhudumu akiniangalia kwa mashaka maana sikuwa na begi. Msaili wa kwanza alikuwa mwema. Wa pili alinipa swali la mti wa binari, akazima kamera, nikawa naongea na herufi mbili za jina lake. Wa tatu hakutokea. Tukapangiana upya baada ya siku 12. Gesti tena, boda tena, bando jingine.

Sasa, kwa nini wanafanya hivi? Si roho mbaya. Kampuni kubwa hupokea maombi mengi mno, na inaogopa zaidi kumwajiri asiyefaa kuliko kumkosa anayefaa. Kumwondoa aliyekwisha kuajiriwa ni gharama na usumbufu. Wewe uliyeachwa huwagharimu kitu. Kwa hiyo chujio limetengenezwa makusudi liwe jembamba, na wazuri wengi wanabaki juu yake pamoja na makapi. Mwaka 2015 Max Howell, aliyetengeneza Homebrew, programu inayotumiwa na watengenezaji programu wengi wenye kompyuta za Mac, alieleza hadharani kwamba Google walimkataa ingawa wahandisi wao wengi wanatumia kazi yake, kisa alishindwa kugeuza mti wa binari ubaoni. Mti uleule!

Na wenyewe wanajua chujio lina matundu. Mwaka 2013 Laszlo Bock, wakati huo mkuu wa rasilimali watu wa Google, alikiri kwamba yale mafumbo waliyokuwa wakiwauliza waombaji yalikuwa kupoteza muda. Google pia walipima usaili wao wakaona kwamba baada ya raundi nne, ya tano na kuendelea haiongezi karibu chochote. Mimi nilifanya tano ukihesabu mtihani na simu.

Kimya nacho kina sababu. Anayekupigia simu siye anayeamua. Mara nyingi wasaili huandika ripoti, ripoti zinapelekwa kwa watu ambao hawajawahi kukuona, nao wanaweza kusubiri bajeti. Bajeti ikisimama, yule dada hana la kukuambia. Tuliona Januari 2023 Google walipotangaza kupunguza watu 12,000: kama watu walio ndani wanatolewa, aliye mlangoni atajibiwa na nani? Sababu za kukukataa hawaandiki, wengi wao wakihofia kushitakiwa.

Sisemi kwamba kwetu ni nafuu. Juni 2014 Idara ya Uhamiaji ilifanyia usaili Uwanja wa Taifa, watu zaidi ya 10,000 wakigombea nafasi 70. Lakini pale angalau unaliona jukwaa, unawahesabu wenzako, unajua umesimama wapi. Kwenye simu ya video unadhani uko peke yako.

Kwa hiyo ukiitwa, uliza mapema mambo haya hata kama yanakuonea aibu: raundi ni ngapi, nani anaamua, bajeti ya nafasi hiyo imeshapitishwa au bado, na je, naweza kubadilishiwa saa kama umeme umekatika. Mimi sikuuliza hata moja, niliona nitaonekana mjuaji. Fanya mazoezi ya maswali ya miti na orodha miezi miwili kabla, kwa sauti, mbele ya mtu. Kuyajua kimoyomoyo hakutoshi. Na usikatae fildi ya watu kwa ahadi ya simu. Subiri mkataba uliosainiwa.

Barua yangu ilikuja Septemba, mistari miwili, bila jina la aliyeiandika. Tulikuwa shambani tunavuna mbaazi. Mama akaona nimesimama na simu, akauliza, "Wamesemaje, mwanangu?" Nikamwambia wamesema nijaribu tena baada ya mwaka. Akauliza kama zile hela za gesti watarudisha.

Hawakurudisha. Fildi nimeifanya mwaka huu, Arusha, ofisi ileile, baada ya kuwaandikia barua ya kuomba radhi iliyonichukua siku tatu.