Redio ya kujitengenezea inapozima: hitilafu iko katika betri au katika bodi?

Chombo kilichoundwa nyumbani kinapozimika ghafla, wengi hukimbilia kununua betri nyingine. Mara nyingi fedha hizo hupotea bure, kwa kuwa betri haikuwa na kosa. Wengine huunganisha waya moja kwa moja ili chombo kiwake, nao hujitafutia hatari iliyo kubwa kuliko hasara ya fedha.

Tuchukue mfano ulio wa kawaida kwa mafundi wa mitaa kama Buyenzi, mjini Bujumbura: redio ndogo inayotumia seli ya lithiamu iliyotolewa katika betri ya kompyuta ya mkononi iliyochakaa. Seli hizo za mviringo huitwa 18650, na jina hilo ni vipimo vyake: unene wa milimita 18 na urefu wa milimita 65. Kati ya seli na redio huwekwa bodi ndogo yenye kazi mbili: kuichaji seli, na kukata umeme seli inapokaribia kuisha au nyaya zinapopiga shoti.

Asubuhi moja redio hiyo inakataa kuwaka. Tuanzie wapi?

Macho kwanza, kisha vipimo

Kabla ya kupima chochote, itazame seli. Ikiwa imetoboka, inavuja, imevimba, au ina joto ilhali haitumiki, kazi iishie hapo. Ipelekwe nje, mbali na vitu vinavyoshika moto, wala isichajiwe tena.

Ikiwa ni nzima kwa macho, chukua kipima umeme ambacho mafundi hukiita multimita. Seli iliyojaa huonyesha volti 4.2, iliyokaribia kuisha huonyesha volti 3 hivi. Iliyoshuka chini ya volti 2 haifai kufufuliwa, kwani huenda imeharibika ndani, na kuichaji kunaweza kuleta moto.

Hapa ndipo wengi hukosea: hupima seli ikiwa imepumzika, wakaona volti 3.9, wakasema ni nzima. Seli iliyochoka huweza kuonyesha kipimo kizuri isipokuwa na kazi, kama mzee anayeonekana mwenye nguvu mpaka atwikwe gunia. Pima redio ikiwa imewashwa. Kipimo kikianguka kutoka 3.9 hadi 2.8 mara tu swichi inapobonyezwa, na redio haina shoti, basi seli imechoka.

Fuata umeme unakopita

Ikiwa seli inahimili, acha swichi ikiwa imewashwa na ufuate njia ya umeme kwa kupima sehemu tatu: kwenye seli yenyewe, kwenye mlango wa kutokea wa bodi ya kuchajia, na mahali nyaya zinapoingia katika bodi ya redio. Hitilafu iko kati ya kipimo cha mwisho kilicho kizuri na cha kwanza kilicho kibaya.

Seli ikionyesha volti 3.7 na mlango wa kutokea ukaonyesha karibu sifuri, usiihukumu bodi kuwa imekufa. Inawezekana kabisa kwamba imekata umeme kwa makusudi, nayo husubiri kuamshwa. Zima swichi, unganisha chaja kwa muda mfupi, kisha pima tena. Umeme ukirudi na kudumu, tatizo limekwisha. Ukikatika tena kila redio inapowashwa, bodi inakuonya kwamba kuna shoti mbele yake.

Ili kuitafuta shoti hiyo, ondoa seli kwanza. Weka multimita kwenye kipimo cha mlio, uguse chanya na hasi za bodi ya redio. Mlio mfupi unaokoma si dalili mbaya. Ni kapasita zinazojaa. Mlio usiokoma ndio shoti. Tafuta tone la lehemu lililounganisha njia mbili, uzi wa waya uliochomoza, au kapasita iliyowekwa kinyume. Katika kapasita za mviringo, mstari uliochorwa ubavuni huonyesha upande wa hasi.

Na ikiwa umeme unafika katika bodi ya redio lakini sauti huja na kupotea, shuku viungio. Gusa kila kimoja taratibu kwa kijiti kikavu. Kile kinachoifanya redio ikwame au iamke kina ufa, hata kama hauonekani upesi. Ondoa seli, kisha ukilehemu upya.

Njia ya mkato iliyo ghali

Fundi aliyechoka kutafuta hushawishika kuiruka bodi ya kinga na kuunganisha seli na redio moja kwa moja. Redio inaweza kuwaka, na mwenyewe akafurahi. Lakini ikiwa shoti bado ipo, seli moja ya namna hii huweza kusukuma mkondo mkubwa kiasi cha kuufanya waya uwe mwekundu kwa moto, pengine usiku watu wakiwa wamelala.

Mwaka 2002, kijana William Kamkwamba wa Wimbe, nchini Malawi, aliunda kinu cha upepo kwa vipande vya baiskeli na vyuma chakavu, akapata umeme wa taa nyumbani kwao. Hakuishia hapo. Alijiundia pia kifaa cha kukata umeme kwa misumari, waya na sumaku, ili hitilafu ikitokea mkondo usiendelee kupita.

Hakuwa na duka la vipuri, lakini kinga hakuiacha. Anayejitengenezea redio leo ana bodi ya kinga iliyokwisha kutengenezwa. Ikikata umeme, na aulize kwanza imeona nini.