Maji ya Udhu, Viroba Vitupu na Bustani ya Mjane

Katika daftari la kamati ya msikiti wetu, hapa Temeke, Dar es Salaam, imo orodha ya familia zinazopata msaada kila mwezi: unga, mchele, sukari na mafuta, kadiri sanduku la sadaka linavyoruhusu. Mwaka uliopita liliongezwa jina la mama mmoja ambaye mumewe alirejea kwa Mola wake na kumwachia watoto wanne. Tulipompelekea fungu lake la kwanza, wake zetu waliingia ndani kumpa pole, nasi tukabaki barazani. Alitushukuru kutoka nyuma ya pazia, kisha akasema neno ambalo hatukulitarajia.

"Maustadhi, Mwenyezi Mungu awalipe kheri. Unga nimeupokea. Lakini nina ombi jingine. Yale maji ya udhu yanayokwenda mtaroni, na vile viroba vitupu vya mchele wa futari mnavyovichoma moto, naomba mnipe mimi."

Tulitazamana. Tulidhani huzuni imemzidi. Leo, baada ya kuyaona aliyoyafanya, tumeona ni haki ya wasomaji wa ukurasa huu wa familia nao wayapate. Jina lake hatulitaji, kwani yeye mwenyewe ametuomba tulisitiri.

Maji ya wakfu na maji yaliyotumika

Ombi la viroba halikuwa na mjadala. Ombi la maji lilitukalisha kikao kizima. Mzee wetu mmoja alisema, na alisema kweli, kwamba maji ya msikiti ni wakfu wa wenye kuswali. Si halali kwa mtu kujaza ndoo bombani na kwenda nayo kwake. Imamu alilikubali hilo, kisha akatukumbusha tofauti ambayo kila aliyesoma mlango wa tohara anaifahamu. Katika madhehebu ya Imamu Shafi, maji yaliyokwisha kutumika kwa udhu ni tohara ingawa hayatoharishi tena. Hayafai kutawadhia, lakini si najisi, na hakuna katazo la kunyweshea mimea. Maji yale yalikuwa yakituama nyuma ya ukuta na kuzaa mbu. Kumpa anayeyahitaji kulikuwa na maslahi kwa msikiti wenyewe.

Tulitoa sharti moja: mfereji wa udhu utenganishwe kabisa na wa vyoo. Fundi alitoboa ukuta, akapitisha bomba hadi kwenye pipa lililo uani kwa mama huyo. Tulipoona pipa linajaa kwa swala mbili tu, tulipata somo jingine. Imepokewa kwamba Mtume (s.a.w.) alikuwa akitawadha kwa kibaba kimoja cha maji, kipimo kisichofika hata lita moja. Sisi tunaacha bomba likitiririka huku tunapandisha mikono ya kanzu.

Bustani iliyoanzia edani

Wazo la bustani lilimjia ndani ya eda. Kwa miezi 4 na siku 10 alitulia nyumbani kwake. Mboga aliletewa na majirani, na siku nyingine hakuletewa. Akautazama ua wake: hatua sita kwa nne, saruji tupu, hakuna pa kuchimba. Ndipo akaviwaza viroba.

Kiroba cha kilo 50 hukijaza udongo uliochanganywa na samadi iliyooza vizuri, mafungu mawili ya udongo kwa fungu moja la samadi. Kabla ya kujaza, husimamisha katikati kopo kubwa lililokatwa kitako na kulijaza kokoto. Udongo ukishalizunguka kopo, hulivuta juu, akajaza kokoto tena, na udongo tena, mpaka mdomoni. Kopo hutoka, nguzo ya kokoto hubaki. Maji yakimwagwa juu hushuka kwa njia hiyo na kufika chini, badala ya kulowesha juu tu. Ubavuni hutoboa matundu, yakiachana kiganja kimoja, na kila tundu hupata mche. Kiroba kimoja hubeba mchicha na sukuma wiki mahali ambapo hapangetosha hata jamvi.

Mchicha huanza kuvunwa baada ya wiki tatu hadi nne, na yeye haung'oi, bali huukata juu ya jicho ili uchipue tena. Matembele huyapanda kwa vipande vya shina vyenye pingili tatu au nne. Kitunguu cha majani akishakitumia, sehemu ya chini yenye mizizi huirudisha kwenye kopo la udongo. Mlonge aliupanda kwa tawi lililokatwa. Majani yake huyakausha kivulini, si juani, kwa kuwa jua kali huyapunguzia vitamini, kisha huyasaga na kuyatia mchuzini mwishoni.

Wadudu huwafukuza kwa mwarobaini. Majani yaliyopondwa hulala katika maji usiku mmoja, yakachujwa, yakatiwa sabuni kidogo, na hunyunyizwa jioni. Mboga zilizonyunyiziwa haziendi chunguni kabla ya kuoshwa vyema.

Kuhusu samadi, msomaji mmoja anaweza kuingiwa na wasiwasi, kwani kwa Mashafi kinyesi cha mnyama ni najisi. Wanavyuoni walikwisha kulijibu. Kurutubisha shamba kwa samadi kunajuzu, na mmea unaoota humo ni tohara. Kilichoguswa na samadi kwa nje huoshwa, kikaliwa.

Jikoni hatupi mpaka aulize

Mama huyu ana kawaida moja. Kabla ya kutupa kitu, hujiuliza: kinaliwa na watu? Kama hakiliwi na watu, kinaliwa na kuku? Kama kuku hawakitaki, udongo je?

Tuchukue nazi. Yeye huikamua mara tatu. Tui zito huliweka kando la kutilia mwisho, la pili hupikia, na la tatu, ambalo wengi hulimwaga, huchemshia muhogo au maharage. Machicha huyaanika siku ile ile, kwani yakilala hunuka. Yakishakauka huyakaanga bila mafuta kwa moto mdogo na kuyachanganya na unga wa chapati za maji. Yanayozidi ni ya kuku.

Makaa nayo ameyapatia dawa. Ana kikapu kikubwa cha ukindu, ndani amekitandika kanga kuukuu na blanketi lililochakaa. Wali ukishachemka kwa dakika tano hivi na maji yake ya kipimo, huufunika vizuri, akaushusha sufuria na yote ndani ya kikapu na kuufukia kwa nguo. Baada ya saa moja hivi wali umeiva kwa joto lake wenyewe. Maharage huyaroweka usiku kucha, akamwaga maji yale, akayachemsha sana kwa nusu saa ndipo yakaingia kikapuni saa tatu nzima. Kabla ya kuliwa huyarudisha jikoni yachemke tena. Makaa yaliyokuwa yakiisha kwa siku mbili, sasa humfikisha ya tatu.

Kokwa za tende za futari, ambazo msikitini tulizifagia kwa ufagio, aliziomba pia. Huziosha, akazikausha, akazikaanga mpaka zigeuke nyeusi, akazitwanga, akachemsha pamoja na tangawizi. Waarabu wanakijua kinywaji hicho tangu zamani. Sisi tulikinywa kwa mara ya kwanza barazani kwake, na mzee wetu wa maji ya wakfu aliomba kikombe cha pili.

Lakini uangalifu si ubahili unaohatarisha afya. Wali uliobaki hauachi sufuriani mpaka asubuhi. Huutandaza katika sinia upoe haraka, akauhifadhi mahali pa baridi, na kuupasha mpaka utoe mvuke. Chakula cha nazi kikishaanza kuchacha, hakihurumii. Njia bora kuliko zote, asema, ni kupima mchele kabla haujaingia chunguni.

Maganda ya ndizi, ya viazi na ya mboga huishia katika pipa la plastiki lenye matundu: tabaka la maganda, tabaka la majani makavu au maranda ya seremala. Hulitia unyevu kiasi cha kitambaa kilichokamuliwa, na kulipindua kila wiki. Baada ya miezi mitatu hivi hunukia udongo wa mvua, nayo ndiyo mboji ya viroba vipya. Nyama, mifupa na mafuta haviingii humo, kwani huita panya. Majivu ya makaa hunyunyiza machache tu, tena mbali na miche michanga.

Aibu yetu

Tungeweza kukomea hapa, na makala ingekuwa nzuri. Lakini amana ya kalamu inatutaka tuseme na la pili.

Bustani ilipotimiza miezi minane, mama huyu alikuwa akiuza mafungu machache ya mchicha kwa majirani. Katika kikao cha kamati, mwenzetu mmoja alipendekeza jina lake litolewe katika orodha ya msaada, kwa hoja kwamba sasa anajitegemea. Hakuna aliyepinga. Nasi tuliokuwa tukiandika muhtasari tuliliandika pendekezo lile kwa hati nzuri, wala mkono haukutetemeka.

Habari zilimfikia. Hakuja kulalamika. Alimtuma binti yake mkubwa na fungu la mchicha na maneno haya: "Waambieni maustadhi, mchicha haulipi kodi ya nyumba wala haununui madaftari. Lakini kama yupo mwenye watoto wasio na hata huo mchicha, mpeni unga wangu wa mwezi huu."

Imamu aliyasikia maneno yale, akainamisha kichwa. Kisha akatufungulia Suratul-Kahf, aya ya 79, kisa cha jahazi alilolitoboa Khidhri. Wale waliokuwa wakifanya kazi baharini walikuwa na jahazi lao, na bado Qur'an imewaita maskini. Wanavyuoni wa Kishafi wameitolea dalili aya hiyo, kwamba maskini si lazima awe mikono mitupu. Anaweza kuwa na chombo na kazi, na kipato kisimtoshe. Haki yake katika zaka, iliyotajwa katika Suratut-Tawba, aya ya 60, haifutwi na jahazi. Basi itafutwaje na viroba kumi vya mchicha?

Pendekezo lilifutwa siku ile ile. Tulilikata kwa mstari mmoja, na tumeuacha mstari ule uonekane katika daftari, uwe ukumbusho kwa watakaotufuata.

Tunayaandika haya kwa sababu tumeona hatari mbili katika jamii yetu. Ya kwanza ni israfu. Tunamwaga maji, tunatupa futari, tunachoma viroba, kisha tunalia kuwa sanduku halitoshi. Ya pili ni kumwadhibu maskini kwa bidii yake, tukimpa maadamu amekaa, tukimnyima pindi akisimama. Akisimama ndipo anapohitaji mkono wa kumshika, maana miguu bado haijakaza.

Kila Jumamosi baada ya Alasiri mama huyu huwafundisha akina mama wenzake uani kwake, na anayetoka humo huondoka na mche mmoja na kiroba kimoja. Kamati sasa huvihifadhi viroba vyote vya Ramadhani, vikihesabiwa. Ua wa msikiti una safu yake ya viroba, inayonyweshwa na maji yale yale, na mboga zake huingia katika mafungu ya kila mwezi pamoja na unga.

Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba Muislamu hapandi mmea, akala humo mtu, ndege au mnyama, ila huandikiwa sadaka. Mjane huyu, ambaye sisi tulimwandika katika orodha ya wapokeao, huenda kwa Mola wake ameandikwa miongoni mwa watoaji. Tunamuomba Allah (s.w.) amrehemu mumewe, awakuze wanawe katika kheri, na atujaalie sisi macho ya kuona thamani ya tunachokimwaga na hadhi ya tunayempa.

Wabillahi tawfiq.