Kilimia kimepinduka

Jumamosi iliyopita nilileta darasani picha zangu chache nilizopiga usiku, na badala ya kusoma ngeli tukaishia kuzungumza habari za kamera. Maswali yalizidi muda, nikaahidi kuyajibu hapa. Niseme mapema kwamba mimi si mpiga picha. Ni muuguzi wa zamu za usiku na kamera yangu ni ya mtumba. Nilianza kwa sababu nikitoka kazini alfajiri usingizi haunijii upesi, na nyuma ya nyumba yetu hapa Leicester hupita mbweha.

Swali la kwanza lilikuwa hili: mbona yule mbweha ana macho kama taa za gari? Kosa ni langu, niliwasha flashi. Nyuma kabisa ya jicho kuna ngozi nyembamba inayopokea mwanga, inaitwa retina. Mbweha, paka, ng'ombe na wanyama wengi wanaotembea usiku wana utando mwingine nyuma ya retina, unaong'aa kama kioo. Mwanga uliopita bila kunaswa hurudishwa na utando huo, retina ikapata nafasi ya pili ya kuunasa. Ndiyo maana mbweha hutembea vizuri mahali ambapo sisi tunajikwaa. Binadamu hatuna utando huo. Yale macho mekundu kwenye picha zetu za harusi ni mwanga wa flashi unaorudi ukiwa umepita penye mishipa ya damu nyuma ya jicho.

Yule mbweha wangu alipopigwa na flashi alisimama kama aliyesahau njia, kisha akakimbia na kujigonga kwenye pipa la taka. Niliona haya. Tangu siku hiyo flashi siwashi kwa mnyama. Nasubiri kupambazuke, au nakubali picha yenye giza. Hata kulungu wa Bradgate Park nawapiga kwa mbali, hasa mwezi wa Oktoba, madume wanapogombania majike. Wazazi, wakati huo msiwaruhusu watoto wawasogelee.

Sasa habari ya giza. Jicho lako ukilitoa kwenye taa huhitaji kama dakika 20 hadi 30 kulizoea giza vizuri, na ukichungulia simu mara moja tu, unaanza upya. Kamera ina njia nyingine. Inaacha lenzi wazi na kukusanya mwanga kidogo kidogo, kama ndoo uliyoiweka chini ya bomba linalodondoka. Mnaikumbuka methali ya haba na haba. Hiyo ndiyo kazi ya kamera usiku. Lakini katika muda huo haitakiwi kutikisika, kwa hiyo iweke kwenye stendi ya miguu mitatu, na utumie kipima muda ili kidole chako kisiiguse.

Unaiacha wazi kwa muda gani? Hapo dunia yenyewe inatuingilia. Inazunguka nyuzi 15 kila saa, na ukichelewa kufunga lenzi, nyota zinatoka kama vijistari virefu badala ya nukta. Wapiga picha huchukua 500 wakagawanya kwa urefu wa lenzi katika milimita. Lenzi ya milimita 25 inakupa sekunde 20. Kwa kamera ndogo kama yangu naanza na 300 badala ya 500, kwa hiyo lenzi yangu ya milimita 50 inanipa sekunde 6. (Darasa la tatu, hiyo ni hesabu ya kugawanya. Wiki ijayo nitauliza.)

Safari yangu ya kwanza ya kupiga nyota, kule Peak District, ilikuwa bure. Kamera ikiachiwa itafute nyota yenyewe gizani haioni kitu, na mimi sikujua kwamba lenzi inabidi uirekebishe kwa mkono. Picha zote zilitoka kama pamba. Safari ya pili umande uliganda kwenye lenzi, na baridi ikamaliza betri. Na usiku wa tarehe 10 Mei 2024, anga la Uingereza lilipogeuka rangi ya waridi na kijani, nusu ya nchi ikiwa nje na simu mkononi, mimi nilikuwa wodini nabadilisha dripu.

Nilichokuwa nakitafuta hasa ni Kilimia. Ni lile kundi dogo la nyota zilizosongamana, sita au saba kwa jicho la kawaida, ingawa kwa darubini ni zaidi ya elfu moja. Jina linatokana na kulima. Wazulu nao huliita isiLimela, neno la ukoo huo huo. Wazee wa pwani walikuwa wakilitumia kupima misimu, na mama yangu kule Tanga ni mmoja wao. Lakini sasa ana mtoto wa jicho na anasubiri upasuaji. Aliniambia Kilimia amekipoteza, anaona moshi tu. Nikamwahidi kumpelekea picha.

Novemba nikafanikiwa, saa sita usiku, Kilimia kikiwa juu kabisa. Mpwa wangu akaikuza picha kwenye simu hadi kila nyota ikawa kama punje ya mchele, akamsogezea bibi yake. Mama akaitazama sana, akasema, "Mbona kimepinduka?" Kilimia ni kama kata ndogo ya kuchotea maji, na yeye kikifika juu hukiona mkono wake uko kulia. Kwenye picha yangu uko kushoto.

Nikamjibu kiuguzi: "Mama, ni jicho hilo. Subiri upasuaji."

"Jicho langu lina ukungu, halijapinduka," akasema. "Nyota hizo nimezitazama kabla hujazaliwa wewe."

Nikachukua ramani. Kilimia hupita karibu na utosi wa mtu aliye nyuzi 24 kaskazini ya ikweta, kwa hiyo ndugu zetu wa Maskati hukiona karibu kabisa juu ya kichwa. Tanga iko nyuzi 5 kusini, na Mama inambidi atazame kaskazini. Leicester iko nyuzi 52 na nusu kaskazini, nami natazama kusini. Yeye yuko nyuzi 29 kutoka mstari ule, na mimi vivyo hivyo, kila mmoja upande wake. Ni kama watu wawili waliokaa pande mbili za sinia moja: mkono wa kata ulio kulia kwake uko kushoto kwangu. Wala si Kilimia peke yake. Mwezi nao huku unaonekana umegeuka, na mimi miaka yote hiyo sikuwa nimeangalia.

Nilimpigia simu kumwomba radhi. Alicheka, kisha akaniuliza kama huku mvua zinanyesha.

Picha nimeibandika kwenye mlango wa darasa la pili, nakala mbili, moja nimeigeuza chini juu. Ya Mama ni hiyo ya kulia.